Nimekubaliwa kwenye nyumba ya vijana wachapakazi Valencia, ila wanataka kodi ya miezi kumi

Shikamooni dada na kaka wa safu ya ushauri,

Nina miaka 27, nimepanga chumba na sebule hapa Nyegezi. Kazi yangu ni kubuni mwonekano wa programu za simu kwa kampuni moja ya Uholanzi, huu ni mwaka wa pili. Siyo mwajiriwa wao: natuma ankara kila mwisho wa mwezi, wananilipa euro 1,750. Kwa maisha ya Mwanza hela hiyo inatosha na chenji inabaki. Mama anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, namwongezea mtaji mzigo ukipanda bei, na mdogo wangu wa kidato cha tatu namlipia ada mimi.

Kinachonisumbua ni upweke wa kazi. Naamka, nafungua kompyuta, nafunga, nalala. Sina mtu wa kumwonyesha kazi akaniambia hapa umekosea, hapa umepatia. Mwezi uliopita nikaona nyumba ya makazi ya pamoja huko Valencia, Hispania, ya vijana wenye malengo. Wako 14, kila mtu na chumba chake, jiko moja na sebule moja, chumba cha kufanyia kazi, na kila Jumapili wanakula pamoja. Nikajaza fomu, nikahojiwa kwa video dakika 40, wiki iliyopita wakaniandikia kwamba nimekubaliwa.

Masharti yao ni haya. Kodi ni euro 780 kwa mwezi, lakini nikilipa miezi 10 kwa mkupuo wananipunguzia asilimia 15. Dipoziti ni ya miezi miwili. Ada ya kujiunga ni euro 300 na hairudi. Nilipouliza kuhusu viza wakasema wengi huingia na viza ya utalii, kwamba kazi yangu iko kwenye kompyuta na hakuna atakayejua. Wamenipa siku 7 za kulipa.

Nina akiba ya Sh milioni 11. Nina kiwanja Buswelu, na dalali ameshaniletea mteja wa milioni 14. Mama hajakataa, amesema tu, "Mwanangu, uliza kwanza." Ndiyo nauliza. Niuze kiwanja? Viza itakuwaje? Nitajuaje kama nyumba ni ya kweli? Na kuishi na watu 14 nisiowajua, jiko moja, nitaweza? Mama anataka nibebe dagaa, sijui hata kama wanaruhusiwa kuingia Ulaya.

Binti wa Nyegezi

*

Marahaba, mdogo wetu.

Kiwanja usiuze, na hizo siku saba ziache zipite. Tunaanza na hilo kwa sababu dalali na mteja wake hawana subira, na ukishasaini karatasi za mauzo hakuna ushauri utakaorudisha ardhi ya Buswelu.

Sasa viza, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Kwa pasipoti ya Tanzania unaingia Hispania kwa viza ya Schengen, yaani ile inayotumika kwa pamoja katika kundi la nchi za Ulaya. Viza hiyo inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, katika nchi zote za Schengen kwa pamoja. Miezi kumi ni siku 300 hivi. Kwa hiyo wao wanakuuzia miezi kumi ya kitanda, na viza waliyokuelekeza inakupa mitatu. Siku ya 91 unakuwa mkaaji asiye na kibali, hata kama kodi umeilipa hadi mwisho. Wala usitegemee kwamba hakuna anayehesabu: tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza kutumia mfumo wa kompyuta unaochukua picha ya uso na alama za vidole za msafiri na kuhesabu siku zake wenyewe. Kwa sheria ya wageni ya Hispania, kukaa bila kibali na kufanya kazi bila kibali yote ni makosa ya daraja la kati, na faini yake ni kuanzia euro 501 hadi 10,000, au kufukuzwa nchini pamoja na kuzuiwa kurudi kwa muda. Aliyekuambia hakuna atakayejua hatakuwepo siku unaulizwa maswali uwanja wa ndege.

Njia halali ipo. Hispania ilipitisha Sheria namba 28 ya mwaka 2022, ikaanzisha viza ya wanaofanya kazi kwa mtandao kwa kampuni za nje. Inakaa hadi mwaka mmoja, kisha unaweza kuomba kibali kirefu zaidi ukiwa kulekule. Masharti yake makubwa: uwe umefanya kazi na kampuni hiyo si chini ya miezi mitatu, kampuni yenyewe iwe hai kwa angalau mwaka mmoja, uwe na shahada au uzoefu wa miaka mitatu katika fani yako, usiwe na rekodi ya jinai, uwe na bima ya afya, na kipato chako kifikie mara mbili ya mshahara wa kima cha chini wa Hispania. Hilo la mwisho ndilo linalokukwamisha. Kima cha chini cha mwaka 2025 kilikuwa euro 1,184 kwa malipo 14 ya mwaka. Ukizidisha mara mbili na kugawanya kwa miezi 12 unapata takriban euro 2,763 kwa mwezi. Wewe unapata 1,750. Umepungukiwa na euro 1,013, na kiwango hicho hupanda kila kima cha chini kinapopandishwa.

Usikate tamaa hapo. Kuwa mtu wa ankara kunakusaidia zaidi kuliko ungekuwa mwajiriwa. Mwajiriwa hutakiwa kuleta cheti kwamba anachangia hifadhi ya jamii ya nchi ya mwajiri wake, au mwajiri ajisajili Hispania, na kampuni nyingi ndogo zinaishia hapo. Wa kujitegemea anajisajili mwenyewe kule na kuanza kulipa mchango wake, ambao kwa wapya umekuwa kama euro 80 na kidogo kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Pengo la euro 1,013 linazibwa kwa mteja wa pili, au kwa kuzungumza upya bei na Waholanzi. Anza na Waholanzi: mwaka wa pili bila nyongeza ni hoja inayojitosheleza. Ukipata mteja wa Hispania, kazi yake isizidi asilimia 20 ya kazi zako zote. Kila euro iwe na mkataba nyuma yake na ionekane kwenye taarifa ya benki. Hela ya mkononi, au inayoingia kwa jina la rafiki, ubalozini haihesabiki.

Kama shahada unayo, kitafute cheti sasa. Kama huna, subiri miaka mitatu ya uzoefu itimie, na uombe barua ya kampuni inayotaja tarehe uliyoanza. Hati ya kutokuwa na rekodi ya jinai inatolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Uiombe karibu na siku ya maombi, kwa sababu balozi hazipokei ya zamani. Nyaraka za hapa zitathibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Hispania Dar es Salaam, na zitafsiriwe Kihispania na mtafsiri aliyeapishwa. Panga hatua hizo kwa mpangilio huohuo. Kinachowarudisha wengi Mwanza mikono mitupu ni kutafsiri kwanza na kuthibitisha baadaye: mhuri mpya ukigongwa, tafsiri ya mwanzo haina mhuri huo, na unalipia nyingine.

Tuje kwenye hela. Tukihesabu euro moja kwa Sh 2,900, walichokuomba ni hiki: miezi 10 baada ya punguzo ni euro 6,630, dipoziti 1,560, ada ya kujiunga 300. Jumla euro 8,490, yaani Sh 24,621,000. Akiba yako pamoja na bei ya kiwanja ni milioni 25. Ukilipa unabaki na Sh 379,000, na tiketi ya ndege hujakata, bima hujalipa, ada ya shule ya mdogo wako bado, na mzigo wa mama ukipanda bei wiki hiyo huna la kumpa. Na haya yote ni ili uokoe euro 1,170 za punguzo.

Tunaelewa kwa nini ombi hilo halikukushtua. Mwanza mwenye nyumba anadai miezi sita au mwaka, tunalipa, maisha yanaendelea. Hispania siyo desturi hiyo. Sheria yao ya upangaji ya mwaka 1994, kwa nyumba ya makazi, inamkataza mwenye nyumba kulazimisha kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele, na dipoziti ya kisheria ni mwezi mmoja. Mkataba wa muda, ule wa msimu, ndio unaobeba dipoziti ya miezi miwili. Kwa hiyo dipoziti waliyokuomba inakudokeza mapema ni mkataba wa aina gani wanakuandalia. Soma kichwa chake kabla ya kitu kingine. Ukiona *arrendamiento de vivienda*, ni upangaji wa makazi wenye ulinzi kamili. *Arrendamiento de temporada* ni wa msimu, ulinzi umepungua. Ukiona maneno ya huduma au malazi, *servicios* au *hospedaje*, uko karibu na mgeni wa hoteli: wanaweza kukuhamisha chumba, na kukutoa kwa taarifa fupi. Nyumba nyingi za aina hii hutumia hizo mbili za mwisho. Si wizi, lakini ndiyo sababu kubwa ya kutowaachia hela ya miezi kumi.

Sababu nyingine ni kwamba biashara hii inaanguka, hata kwa wakubwa. The Collective, kampuni ya nyumba za kuishi pamoja, walifungua jengo la Old Oak kule London mwaka 2016, vyumba zaidi ya 500, likaandikwa kila mahali kama mfano wa maisha mapya ya vijana. Mwaka 2021 kampuni ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Common ya Marekani, iliyokuwa miongoni mwa majina makubwa ya fani hii, iliomba kufilisiwa mwaka 2024. Sababu haijifichi: waendeshaji wengi hukodi jengo kwa miaka mingi kwa bei isiyobadilika, kisha hukodisha chumba kimojakimoja kwa mwezi. Vyumba vikikaa tupu miezi michache, kodi ya jengo haisubiri. Ndipo punguzo kubwa kwa anayelipa mbele linapoanza kutangazwa, kwa sababu wanahitaji hela leo. Kampuni ikifilisika, aliyelipa mwezi mmoja amepoteza wiki kadhaa. Aliyelipa kumi anajipanga foleni nyuma ya benki.

Kujua kama nyumba ni ya kweli hakuhitaji mtu wa kukuendea Valencia. Waombe namba ya kodi ya kampuni, kule huitwa NIF. Ya kampuni ya kawaida yenye S.L. mwishoni mwa jina huanza na herufi B. Jina hilo litafute kwenye msajili wa makampuni wa Hispania, Registro Mercantil. Kisha waombe anwani kamili ya nyumba, uagize kwa mtandao karatasi ya *nota simple* kutoka Registro de la Propiedad, msajili wa ardhi na majengo. Inagharimu kama euro 10 na inaonyesha mmiliki wa jengo. Kama mmiliki si wao, wakuonyeshe ruhusa yao ya kupangisha. Halafu piga simu ya video bila miadi ya siku nyingi, muombe aliyepo aanze kutembea na simu kutoka mlango wa barabarani, namba ya jengo ionekane, hadi ndani ya chumba chako, afungue dirisha. Nyumba ya uongo hukwama pale mlangoni.

Malipo yaende benki tu, kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Akaunti ya Hispania ina tarakimu na herufi 24 na inaanza na ES. Ikianza na herufi za nchi nyingine, au jina likiwa la mtu binafsi, simama uulize. Ukiwa kaunta ya benki yako mjini, mwambie mhudumu kwamba gharama zote za kutuma zinabebwa na mtumaji. Usipolisema hilo, benki za katikati hukata chao njiani, dipoziti inafika pungufu, na wao wanakuandikia kwamba hujamaliza kulipa.

Tukifika kwa watu wenyewe, ambao ndio unaowatafuta, tusikilize vizuri hapa. Nyumba kama hii inauza vitu vitatu: chumba, intaneti na watu. Chumba unaweza kukipima. Intaneti pia: waombe picha ya kipimo cha kasi kilichochukuliwa ndani ya chumba chako, saa tatu usiku, siyo sebuleni asubuhi, na uangalie kasi ya kupandisha, kwa sababu wewe unatuma mafaili ya picha. Watu hawapimiki, na hawakai. Wale 14 uliowaona kwenye picha za chakula cha Jumapili huenda nusu yao wameshahama. Kwa hiyo uliza swali hili moja, na usikubali jibu la jumla: leo hii, wangapi wamekaa zaidi ya miezi sita? Wakiwa watano au zaidi kati ya 14, kuna kiini. Hao ndio wanaojua nani anapika vibaya na nani ana mkutano saa kumi na mbili asubuhi, na ndio wanaomshika mgeni mkono. Wakiwa mmoja au hakuna, unahamia hosteli yenye meza nzuri. Omba pia namba za wawili, mmoja anayeishi pale na mmoja aliyehama, na uongee na aliyehama kwanza.

Halafu ukumbuke ulichoandika: unataka mtu wa kukuambia hapa umekosea. Waulize kama wabunifu wamo. Kuna nyumba zimejaa vijana wachapakazi kweli, mmoja anauza sarafu za mtandao, mwingine anafundisha yoga, na hakuna anayeweza kusoma kazi yako. Jumapili mtacheka sana. Jumatatu utarudi kwenye kompyuta yako peke yako, safari hii kwa euro 780.

Kuishi na watu 14 utaweza, ukijua ugomvi unaanzia wapi. Unaanzia jikoni, kwenye friji. Uliza friji ni ngapi na kila mtu ana rafu ipi. Friji moja kwa watu saba ndiyo mwisho wa amani. Kwa 14 ziwe mbili. Uliza nani anasafisha: kama ni kampuni, mara ngapi kwa wiki, na kama ni wakazi kwa zamu, nini humpata anayeruka zamu. Nyumba isiyo na jibu la hilo, jibu lake ni wewe, kwa sababu sinki likijaa aliyelelewa kutoacha vyombo ndiye huosha vya wote. Sema mapema, wiki ya kwanza, kwa upole: "Vyangu nimeosha, hivi ni vya nani?" Ukinyamaza mwezi mzima, siku utakayosema utasema kwa hasira. Kuhusu wageni wa kulala, funguo ya chumba na bafu la wanawake, yawe kwenye maandishi. Wakikujibu kwamba pale wote ni familia, waambie familia pia hufunga milango.

Vyakula sasa, mama asikie. Kwa abiria anayeingia Umoja wa Ulaya, nyama na maziwa vya kutoka huku haviruhusiwi, hata kipande cha nyama kavu. Samaki ni habari nyingine: kwa matumizi yako mwenyewe unaruhusiwa hadi kilo 20, na waliokaushwa wamo. Kwa hiyo dagaa wanaingia. Ila usibebe wabichi wa gunia. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu hadi mchanga uishe, waanike wakauke kabisa, kisha wakaange makavu hukuhuku Mwanza na kuwafungia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, nusu kilo nusu kilo. Harufu kubwa hutoka wakati wa kuosha na kukaanga. Ukimaliza kazi hiyo jikoni kwa mama, kule utabaki na kuunga nyanya na kitunguu tu. Fungua dirisha, washa kipuliza hewa cha juu ya jiko, funika sufuria. King'ora cha moshi darini usikifunike kwa mfuko hata kama kinakuudhi, maana wote 14 mnalala chini yake. Na kabla hujafunga sufuria ya ugali kwenye begi, shika sumaku uiweke kwenye kitako chake. Majiko mengi ya kule ni ya induksheni, yanapasha chuma kinachovuta sumaku peke yake. Sufuria zetu za alumini zitakaa juu ya jiko hilo saa nzima na maji yabaki baridi. Mwiko beba.

Hadi hapo kipato kitakapofika, una mambo mawili unayoweza kufanya bila kuvunja sheria ya mtu. La kwanza ni kuionja nyumba hiyohiyo ukiwa likizo ya kweli. Waage Waholanzi wiki mbili, omba viza ya Schengen, ada yake ni euro 90 na hairudi ukikataliwa, pamoja na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Wewe usiache ifike chini ya miezi miwili. Kula nao Jumapili mbili. Kompyuta ya kazi iache Nyegezi.

La pili tunalipenda zaidi, na liko karibu. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anayeingia nchi mwanachama kama mgeni hupewa pasi ya hadi miezi sita, chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Nairobi unafika kwa basi kupitia Sirari, saa za kazi ni zilezile za Mwanza, na nyumba za kuishi pamoja kwa vijana wa teknolojia zipo. Pasi ya mgeni haikupi ruhusa ya kuajiriwa na kampuni ya Kenya. Kwa kazi ya mtandao ya nje, Kenya ilitangaza kibali maalumu mwaka 2024, hivyo waandikie Uhamiaji wao uulize kinachokuhusu kwa muda utakaokaa, na majibu yao uyatunze. Panga mwezi mmoja tu. Ndani ya mwezi utajua kama unaweza kulala ukuta kwa ukuta na mtu anayeongea na simu saa sita usiku, na kama kukaa meza moja na wabunifu wenzako kunakupa ulichokikosa. Ukiona hapana, usiku mmoja wa basi unakurudisha Mwanza na kiwanja chako kipo palepale.

Wale wa Valencia usiwakatie kamba. Waandikie leo, kwa ufupi, kwa maneno kama haya: "Asanteni kwa kunikubali. Sitaingia kwa viza ya utalii kufanya kazi. Ninaandaa maombi ya viza ya kazi za mtandao na nitawajulisha ikitoka. Wakati huo nitakuwa tayari kulipa mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, kwa mkataba unaotaja kwamba dipoziti inarudi ndani ya siku 30 baada ya kukabidhi funguo, na kwamba naruhusiwa kujiandikisha manispaa kwa anwani ya nyumba. Naomba nakala ya mkataba niusome, na idadi ya wakazi waliokaa zaidi ya miezi sita." Kujiandikisha huko manispaa, *empadronamiento*, kunahitajika kwenye shughuli nyingi za maisha ya kule, na nyumba nyingi za muda hukataa. Bora wakatae kwa maandishi sasa.

Nyumba nzuri itajibu kila kipengele na itakusubiri. Ikikujibu kwamba nafasi imechukuliwa na ofa imeisha, zima simu ulale.

Na dalali mpigie kabla hujampigia mtu mwingine yeyote. Kisha shuka Mwaloni umwambie mama kwamba umeuliza.